Masweta ya Darasa la Saba

Mama Chiriku alikuwa fundi wa masweta, na ulimi wake ulikwenda kasi kuliko mashine yake ya kufumia. Jina alilipata kwa bintiye, mtoto aliyeongea tangu anapofumbua macho mpaka usingizi unapomnyamazisha kwa nguvu. Majirani walisema maji hufuata mkondo, na hawakukosea.

Chiriku alisoma darasa la saba katika shule ndogo ya binafsi, nyuma ya ghala la mbao. Masweta yote ya kijani ya shule ile yalitoka mikononi mwa mama yake. Kisha shule ikaanza kuyumba. Walimu wakaondoka, uvumi ukaingia, na wazazi wenye miguu myepesi wakawahamisha watoto wao. Kila aliyehama alipita kwa fundi kumwachia sweta. "Shoga, huko wanavaa bluu. Hili utampa mwingine." Mwingine yupi? Masweta kumi na matatu yakarundikana kabatini.

Watoto waliobaki walikuwa kumi na mmoja, na tusidanganyane, wazazi wao hawakubaki kwa ushujaa. Watoto walikwisha kusajiliwa kufanyia mtihani wa mwisho palepale. Darasa likifungwa kabla ya mtihani, mwaka mzima unakwenda na maji. Na mkaguzi alikuwa njiani. Akikuta watoto pungufu ya ishirini, anafunga.

Wazazi wakaitana. Mfa maji haachi kutapatapa, na aliyetapatapa kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Mama Chiriku.

"Mwalimu si anawaita kwa namba? Basi kila mtoto aitikie na namba ya aliyehama. Masweta ninayo. Tuvalishe viti, na mkaguzi akiingia baada ya namba kuitwa, aambiwe wenyewe wametoka uwanjani."

"Na siku wakiitika wenyewe?" akatania baba mmoja, seremala.

Watu wakacheka hadi wakafuta machozi. Mwalimu mkuu alicheka pia, kisha akakubali, maana hakuwa na njia nyingine.

Wakafanya mazoezi wiki nzima. Chiriku alikuwa namba kumi na tisa, akapewa na namba saba, ya msichana aliyehama zamani, aliyeandika kwa mkono wa kushoto. Siku ya kwanza alirudi nyumbani akicheka. Siku ya tatu alirudi kimya. Alikula kimya, akanawa kimya, na mama yake akamgusa paji la uso akidhani ana homa.

"Una nini, mwanangu?"

"Namba saba ananigonga kiwiko ninapoandika."

"Acha mchezo, we mtoto."

"Si mchezo, mama. Na siku hizi siitiki kwa ajili yake. Ananiwahi."

Mama Chiriku akazima taa mapema, akamlaza.

Mkaguzi alifika siku ya mwisho ya wiki, asubuhi. Wazazi walisimama langoni, roho juu. Alikaa darasani muda mfupi, akatoka na karatasi yake.

"Ishirini na wanne, wote wameketi," alisema. "Darasa tulivu kweli. Hongereni."

Akaenda zake. Mwalimu mkuu alisimama na uongo wake wa uwanjani haujamtoka mdomoni. Wazazi wakakumbatiana. Walisema mkaguzi ni mtu wa watu, ameona na amejifanya hajaona. Mama Chiriku alitaka sana kuamini hivyo.

Watoto walipotoka, aliingia kukusanya masweta yake. Akashika la kwanza, lilikuwa na joto. La pili nalo lilikuwa na joto. La namba saba lilikuwa na wino kwenye mkono wa kushoto, na mshono wa kwapa, alioukaza mwenyewe wiki iliyopita, ulikuwa umefumuka kama wa mtoto anayenyoosha mkono kila swali. Aliyabwaga sakafuni akatoka mbio, mama mzima, bila haya. Aliogopa, na kilichomtesa zaidi ya woga ni kwamba wazo lilikuwa lake.

Baada ya siku mbili za mapumziko, shule ilipofungua wiki, alikuwa amekata shauri. Mtihani na uende, mtoto hampotezi. Alimshika Chiriku mkono wakaenda kumwambia mwalimu mkuu kwamba anamhamisha. Walichelewa kidogo, wakakuta mwalimu ameanza kuita. Wakasimama nje, chini ya dirisha, wangoje amalize.

"Namba saba."

"Nipo, mwalimu," ikajibu sauti nyembamba asiyoijua Mama Chiriku.

Akakaza kiganja cha mwanawe. Namba zikaitwa, sauti zikaitika, moja baada ya nyingine, bila kuruka.

"Namba kumi na tisa."

"Nipo, mwalimu!" ikaruka sauti ya Chiriku kutoka ndani, kubwa, ya furaha, ileile ya zamani, na papo hapo ikaanza kumsimulia jirani jambo mpaka mwalimu akaikemea.

Mama akamtazama mtoto aliyemshika mkono. Hakuwa amefungua kinywa. Machozi yalimtiririka kimya mpaka kidevuni.

"Mama," akanong'ona, "sasa nikaseme mimi nani?"