Jina la Mfano

Likizo zile za Desemba, Kavata akiwa msichana wa shule ya msingi, mama yake Syombua alikuwa na kibanda cha kadi Kenyatta Market, katikati ya wasusi na moshi wa nyama choma. Aliandika kwa mkono kadi za harusi na matangazo ya tanzia. Kwenye tangazo la mfano lililoning'inia mbele aliandika jina lake mwenyewe, maana hakutaka mteja ashtuke kumwona ndugu yake amekufa ukutani.

"Mimi nikijizika," alisema akicheka, "nani atanishtaki?"

Aliomba jambo moja tu. Yeye asiyekosa matanga ya mtu huko Kangemi walikoishi, siku yake nayo ijae watu.

Kavata alisomea kompyuta, akaajiriwa na kampuni ya Parklands iliyotuma matangazo ya vifo. Mfumo wao haukuwa na ukurasa hata mmoja wa kutazamwa. Ulipokea data kutoka kwenye simu na kuijibu kwa data, basi. Tangazo lenyewe lilikuwa kiolezo cha HTML, lugha ya kurasa za mtandao, chenye mapengo. Programu iliyajaza, ikakigeuza kiolezo kizima kuwa maandishi matupu, ikayatia ndani ya barua pepe na kuyatuma. Ili majaribio yasikwame pale jina lilipokosekana, Kavata aliweka jina la mfano. Aliweka la mama yake, kama alivyolelewa.

Aliomba pawe na mtu wa kulisoma tangazo kabla halijaondoka.

"Dada, hii ni API, programu inaongea na programu," alijibu Kihara, mkubwa wake, mbele ya wote. "Hatuna kurasa. Ama unataka tuajiri mtu wa kukagua maiti?"

Ofisi nzima ilicheka.

Mzee Lazarus wa kanisa la Syombua alipofariki, simu ya katibu wa kanisa ilituma habari bila jina, na programu ikajaza pengo kwa jina la mfano. Waumini wakafika kwa Syombua na sufuria na turubai, wakamkuta mlangoni akichambua maharagwe.

"Mama Kavata! Na tumekuja kukulilia!"

"Basi lieni, chai iko."

Siku hiyo alicheka pamoja nao. Lakini wao hawakuacha. "Marehemu, pitisha sadaka." "Marehemu, huko mbinguni kuna baridi?" Mwishowe akaacha kanisa, akahamia kwa binti yake Uthiru. Kihara alikuwa amekwisha kumfukuza Kavata kazi kwa kosa hilo.

Syombua alifariki Julai, kwa nimonia. Kavata alimpigia katibu simu ili awatangazie waumini.

"Wewe msichana," katibu alisema, "mara ya kwanza tulikula hasara ya turubai. Msalimie marehemu."

Makaburini walikuwapo Kavata, mhubiri wa kukodiwa, na wachimbaji waliokuwa wakitazama saa.

Jumapili iliyofuata Kavata alilitoa katika vitu vya mama yake lile tangazo la mfano la Kenyatta Market, akajaza tarehe ya kifo palipoachwa nukta tupu, akalibandika kwenye mlango wa kanisa Kangemi kabla ibada haijaanza, akaenda zake.