Mate ya Susu

Mwaka ule niliogopa mate kuliko nyoka, na kazi niliyokuwa nikijifunza ilikuwa kazi ya mate. Tabibu wa usemi hushinda midomoni mwa watu. Anatazama ulimi unavyopanda, midomo inavyofunga, koo linavyomeza. Anawaambia watu wapulize, wacheke, wakohoe kidogo. Halafu corona ikaja, na karibu kila kitu tulichofundishwa kufanya kikawa ndicho redio inatukataza.

Chuo kilifungwa. Nilirudi nyumbani Kilungu nikawa nachuma maparachichi na mama, na masomo nikayafuata kwa simu, nimekalia ndoo iliyopinduliwa juu kabisa ya shamba, mahali pekee palipokuwa na mtandao. Somo la kumeza nililimaliza nikiwa juu ya ndoo hiyo. Mama aliniuliza kama ni kweli kuna watu huajiriwa kuwafundisha wengine kumeza. Nilimwambia ndiyo. Akacheka mpaka akaweka kikapu chini.

Tuliporudishwa masomoni tulikuwa tumepoteza miezi mingi ya mafunzo ya hospitalini. Ili mtu afuzu lazima awe amekaa na wagonjwa kwa idadi fulani ya saa, na kila saa iandikwe daftarini na kutiwa sahihi na msimamizi. Bila saa, hakuna kufuzu. Mimi nilipelekwa hospitali moja ya barabara ya Mombasa. Nilipanga chumba Makindu pamoja na msichana wa chuo chetu aliyesomea mambo ya masikio. Jioni tulikuwa tukifua barakoa zetu kwenye beseni moja na kulalamika. Wagonjwa wake walikuwa viziwi nusu, waliozoea kusoma midomo, na sasa midomo yote ilikuwa imefunikwa. "Wewe angalau wako wanakusikia ukiongea," alikuwa akiniambia. "Wangu hawajui hata kama nimeanza."

Kuna mwenzetu mmoja, katika hospitali nyingine, aliyeshusha barakoa kidogo ili mtoto aone midomo inavyokutana kwa sauti ya "ba". Alirudishwa nyumbani siku hiyohiyo na saa zake zikafutwa. Habari ilitufikia kwa simu kabla hajamaliza kufunga begi. Wengine walimwonea huruma. Mimi nilimwona mjinga. Lazima niseme mapema mimi ni mtu wa namna gani: darasa la saba nilikuwa ndiye mwandishi wa majina ya wapiga kelele, na niliwaandika hata marafiki zangu. Kwa hiyo nilimwendea fundi wa nguo pale Makindu, akanishonea barakoa yenye kidirisha cha nailoni mbele ya mdomo. Ilikuwa nzuri kwa maneno manne. Baada ya hapo nailoni ilikuwa ikifunikwa na mvuke, na mgonjwa akabaki anatazama ukungu. Juu yake nikavaa kinga ya plastiki ya uso mzima.

Ndivyo nilivyokuwa nimevaa siku bibi kutoka Ikutha alipoingia.

Alikuwa amepigwa kiharusi miezi mitatu nyuma. Mkono wa kulia ulining'inia, na upande wa kulia wa mdomo ulikuwa umelegea, mate yakichuruzika bila yeye kujua. Aliyekuwa akiyafuta ni mjukuu wake, msichana wa miaka ishirini na mitatu hivi, kwa kitambaa alichokunja vizuri mara nne. Bibi ndiye aliyemlea tangu akiwa mchanga, kati ya mbuzi na mtama. Msichana alimwita susu, kama sisi sote Wakamba tunavyowaita bibi zetu, na tangu siku hiyo mimi pia nikamwita susu.

Kusikia alisikia, na kuelewa alielewa kila kitu. Kusema ndiko kulikomshinda. Akitaka maji, akitaka kwenda nje, akikasirika, kilichotoka ni "ata, ata, ata". Lakini nilipoanza kuhesabu kwa Kikamba, imwe, ili, itatu, alidakia akaenda mpaka kumi bila kukwama. Mjukuu wake aliruka. Nikamweleza kwamba ndivyo ulivyo ubongo: maneno yaliyozoeleka sana, hesabu, sala, nyimbo, huwa yamehifadhiwa mahali pengine, na tunaweza kuingilia mlango huo.

Fomu yetu ilikuwa na swali moja la lazima: familia inataka mgonjwa aweze nini? Nilimuuliza msichana.

"Mimi nataka tu anibariki kabla niende," akasema. "Ninaenda Saudia, kazi ya nyumba. Passport iko tayari, tunangoja tu ndege zifunguliwe vizuri. Nitakaa miaka miwili. Sasa, daktari, vile ako hivi, si unajua pengine nisimpate."

Bibi alikuwa akimtazama. Hakusema "ata". Alitikisa kichwa mara moja, kukubali.

Nilifurahi, kwa sababu walimu wetu walipenda malengo yanayopimika. Nikaandika: Mgonjwa atasema maneno mawili, "Ngai akuathime". Maana yake Mungu akubariki. Nikapiga mstari chini yake kwa rula.

Walikuja kila Jumanne. Walitoka Ikutha alfajiri na kufika kabla ya saa nne. Nilimfundisha susu kwa kugonga meza kwa mkono wake mzima wa kushoto, pigo moja kwa kila silabi, tukiyavuta maneno kama wimbo wa kanisani. Alijitahidi, lakini niliona hayo maneno si haja yake kubwa. Kila nilipopumzika kidogo alikuwa akielekeza kidole kwenye midomo yake, kisha akijaribu kuikusanya na kupuliza. Upande wa kushoto ulikubali, wa kulia ukakataa, na mate yakaruka ovyo.

"Hapana, susu," nikawa namwambia. "Kupuliza hakuruhusiwi siku hizi. Tuseme tu."

Jumanne ya tatu alifaulu. Midomo ilikutana, pumzi ikatoka, na tone la mate likatua kwenye plastiki, mbele tu ya jicho langu. Niliruka nyuma mpaka kiti kikaanguka. Nilichukua spiriti na pamba nikafuta plastiki, nikafuta meza, nikafuta mikono yangu na viwiko, na yeye ameketi palepale ananitazama nikimfuta. Mjukuu alicheka ili kuondoa aibu. "Susu, umemtemea daktari!" Bibi hakucheka. Aliuficha mdomo wake nyuma ya leso na siku hiyo hakufanya kitu kingine.

Nilimwagiza msichana kwamba hata nyumbani asimruhusu kupuliza. Nilimwandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa.

Ningependa kusema sikujua alichokuwa akikitafuta. Lakini nilijua. Kwetu Ukambani mtu mzima akikubariki haishii kusema. Anakusanya mate kidogo na kuyapuliza kwenye viganja vyako au kifuani, kiasi cha umande tu, na bila hayo mate alichokupa ni kwaheri ya kawaida. Bibi yangu wa Kilungu, mama wa kanisa asiyekosa ibada hata mvua ikinyesha, alinitemea kwenye sweta mpya siku nilipoenda kidato cha kwanza. Niliona haya mbele ya wenzangu, lakini sikufuta. Kwa hiyo nilijua. Nilijiambia ni afya ya susu ninayoilinda, na ya msichana. Ukweli ni kwamba kila nilipoyaona yale mate niliona saa zangu zikifutwa.

Wiki ya saba walikuja siku ya Jumatatu, bila miadi.

"Wamenipigia," msichana akasema. "Ndege ni Alhamisi. Kesho naenda Nairobi kupimwa corona, nikipatikana nayo siendi. Daktari, ajaribu leo."

Nilimwita msimamizi wetu, mama mmoja mkimya ambaye alikuwa akitia sahihi bila kuvua glavu. Alisimama mlangoni. Nikamweka susu akamwelekea mjukuu wake, nikaushika mkono wake wa kushoto, na tukagonga. Mara ya kwanza ikatoka "ata". Mara ya pili pia. Mara ya tatu alivuta mkono wake kutoka kwangu, akagonga mwenyewe, na akasema kwa sauti nzito, ya kuvutavuta, lakini kila mtu pale alisikia:

"Ngai... akuathime."

Msichana alipiga magoti akalia. Msimamizi alisema vizuri sana, na mimi machozi yalinitoka ndani ya ile plastiki nisiweze kuyafuta. Nilikuwa na furaha, sitakana. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza iliyofaulu.

Lakini susu alikuwa hajamaliza. Aliushika mkono wa msichana, akauvuta, akakifungua kiganja kwa kidole gumba. Akainama. Nikaona midomo ikianza kukusanyika, kushoto kwanza, halafu kulia, polepole, nayo ikakutana. Ikafunga kabisa, bila tone kuvuja. Majuma saba sikuwahi kuona ikifunga hivyo.

Niliweka mkono wangu wenye glavu juu ya kiganja cha msichana.

"Hapana, susu," nikasema. "Kesho anapimwa. Akipata ugonjwa hatasafiri. Maneno yametosha."

Msichana alinitazama, akamtazama bibi yake, kisha akaurudisha mkono wake taratibu. "Ni sawa, susu," akasema. "Nikirudi."

Bibi alibaki ameinama, midomo imefunga. Alinitazama mimi, si yeye. Sijui alikaa hivyo muda gani. Kisha nikaona koo lake likipanda na kushuka. Alikuwa amemeza.

Msimamizi aliomba daftari, nikaandika nilichoona, akatia sahihi.

Alhamisi msichana alisafiri. Vipimo vilikuwa safi, na katika nyumba yao hakuna hata mmoja aliyewahi kupatwa na corona. Aliyeipata ni mimi. Niliitoa kwa yule mwenzangu wa chumbani, tulipokuwa tukila sahani moja, barakoa zetu safi zikiwa zimeanikwa dirishani.

Nilipopona, muda wangu pale ulikuwa umebaki wiki mbili. Susu hakuja tena. Hakukuwa na wa kumleta. Miezi mitatu baadaye msimamizi alinipigia simu kuhusu fomu fulani, na mwishoni akaniambia kwamba yule shosho wa Ikutha alipigwa tena na kiharusi, akafa siku ya pili. Nilikuwa sokoni Kilungu na mama. Niliweka chini mfuko wa maembe nikalia palepale, na mama akawa anawaambia watu ni mafua.

Nilifuzu. Saa zangu zilitimia, na za ziada zikabaki. Sasa nafanya kazi Kitui mjini, katika chumba chenye dirisha kubwa, na siku hizi wagonjwa wangu wanauona mdomo wangu wote.

Mwaka jana, asubuhi moja, alikuja mwanamke asiye na mgonjwa. Alikuwa amenenepa kidogo na kuvaa mtandio mweusi mabegani, nikamtambua alipokunja kitambaa chake mara nne. Mkataba wake ulikuwa umeisha. Alitoka uwanja wa ndege akaenda Ikutha, akakaa kaburini, na sasa amenitafuta mimi kwa kuuliza hospitali hadi hospitali. Mazishi aliyaona kwa simu, akiwa amejificha bafuni kwa mwajiri wake, na mtandao ukakatika kabla ya sala.

Nilianza kuomba msamaha. Hakunikatiza, ila hakuonekana kama alikuja kwa ajili hiyo.

"Siku ile uliandika," akasema. "Ile siku ya mwisho. Mimi sikumbuki vizuri, nilikuwa nalia. Nataka kusikia vile uliandika."

Daftari lile ninalo. Huwa situpi karatasi. Nililitoa kwenye droo ya chini na kutafuta ukurasa. Wazo lilinijia kwamba ningesoma mstari wa kwanza tu na kuruka wa pili, naye asingejua. Nikasoma yote miwili.

"Lengo limefikiwa: mgonjwa amesema Ngai akuathime, bila msaada. Maendeleo mengine: midomo imefunga vizuri, amemeza mate mwenyewe bila kukohoa na bila kuvuja."

Nje, mtu alikuwa akiita namba za wagonjwa.

"Kwa hivyo alikuwa ameyapata," akasema.

"Ndiyo. Yalikuwa mdomoni."

"Halafu akameza."

"Akameza."

Alikifungua kiganja chake juu ya meza yangu, akakitazama. Kilikuwa na alama ya kuungua, ya pasi au ya oveni, katikati kabisa.

"Basi alienda nayo," akasema.