Ubani Nyuma ya Pazia

Namshukuru Mungu kwamba bado mnanisalimia kanisani, kwa hiyo nitawaambia ukweli. Mjukuu wangu ana pumu. Mwanangu alisema mtoto hatakuja likizo hapa Awendo mpaka hewa ya nyumba yangu ipimwe, akamtuma mpimaji, binti anayeitwa Achieng'.

Mimi ni katekista. Jambo kubwa likija, hubariki nyumba kwanza. Niliwasha ubani katika chetezo, nikakificha nyuma ya pazia la chumbani, binti asije akanicheka.

Achieng' aliwasha kifaa chake sebuleni. Kikalia, taa nyekundu.

"Baba, hewa hii ni mbaya."

Nikajua shetani ametutangulia. Nikajipenyeza chumbani, nikaongeza ubani kijiko kizima. Kifaa kikapiga kelele zaidi. Nikarudi kuongeza kingine.

Safari hii kelele zikanifuata. Pazia likafunguliwa. Nilikuwa nimepiga magoti, kijiko mkononi, machozi yakinitoka kwa moshi. Achieng' alikohoa hata asiweze kusema. Mke wangu, aliyekuja nyuma yake, ndiye aliyesema:

"Ai yawa, Katekista! Shetani bado yumo, uliyemfukuza ni mjukuu!"