Shangazi Milembe Alikuwemo Kwenye Grupu

Aibu hii naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wanafunzi wenzangu, maana wao huwa wanaongeza chumvi, na kwa kweli haihitaji.

Mwaka jana nikiwa chuo hapa Mwanza, likizo ya Pasaka nilikwenda Kisesa kwa shangazi yangu Milembe, na huko simu yangu ikatumbukia kwenye ndoo ya kufulia. Sasa mwalimu wetu wa maendeleo ya jamii, Dokta Rehema, alikuwa anatuma kila kitu kwenye grupu la darasa (notisi, kazi, hadi kutugombeza), kwa hiyo nikamwomba aiingize namba ya shangazi ili nisome kupitia simu yake. Likizo ikaisha, nikapata simu nyingine, nikarudi chumbani kwangu Buzuruga, namba ya shangazi nikaiacha humo humo. Nilijisemea, shangazi na grupu la chuo wapi na wapi.

Basi ikaja kazi ya kumhoji mkulima kuhusu namna anavyohifadhi chakula, kila mtu aiweke ripoti yake kwenye grupu tuisome wote, na ukifeli hiyo unarudia kozi nzima. Kutoka Buzuruga hadi Kisesa si safari ya kumtoa mtu jasho, lakini uvivu ukanishika, nikajiambia shangazi si namjua tangu nanyonya, kuna haja gani ya kwenda kumuuliza? Nikaketi kitandani nikatunga mahojiano, maswali yangu, majibu yangu, hata michembe, vile viazi vitamu vikavu vya kwetu, nikaandika kwamba huchemshwa kabla ya kuanikwa, na ili ionekane ya kisomi nikamalizia na mapendekezo: "Mtoa taarifa, Bi. Milembe wa Kisesa, hana uelewa wa kuhifadhi chakula, anahitaji kuelimishwa." (Jina nililiweka kabisa. Akili zangu nazijua mwenyewe.)

Kesho yake Dokta alifungua grupu ukutani kwa projekta, tukawa tunazipitia ripoti moja moja, na tulipofika kwenye yangu tukakuta chini yake ujumbe wa sauti, na pembeni picha ya mama aliyevaa sare ya kwaya. Dokta akabonyeza.

"Mwalimu, habari za kazi. Wanafunzi hamjambo. Mimi ndiye mtoa taarifa." (Neno hilo alilijulia humo humo, kumbe muda wote alikuwa anatusoma kimya.) "Maduhu ni mtoto wa kaka yangu, ila hajafika kwangu tangu Pasaka. Haya sikuyasema. Na viazi vya michembe havichemshwi kabla ya kuanikwa, vinakatwa vikiwa vibichi. Vinavyochemshwa ni vya matobolwa. Lakini mwalimu, usimfelishe. Kama nahitaji kuelimishwa, aje Jumamosi anielimishe. Viazi vipo."

Darasa lilicheka hadi watu wa chumba cha pili wakaja kuchungulia. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu. Dokta hakucheka, aliandika tu, na sote tukasoma ukutani: "Shikamoo mama. Jumamosi tunakuja wote."

Tukaenda kweli, darasa zima, nikamenya viazi tangu asubuhi mbele ya wenzangu wakinipiga picha, shangazi akiwafundisha kukata na kuanika, wao wakimwita mwalimu, naye akiniita mimi mtaalamu. "Mtaalamu, maganda hayo mbona mazito, au ndiyo unanielimisha?" Dokta akasema nitaandika ripoti upya na alama zangu zitategemea hiyo. Nilimshukuru, hata sikujua niuweke wapi uso.

Jioni wenzangu walipokuwa wanaondoka, shangazi akanivuta kando, akaniuliza kwa sauti ya chini, bila hasira, "Maduhu, ulipokuwa unaandika kwamba sijui kuhifadhi chakula, ulikuwa unakula nini?"

Nilifikiria kudanganya, nikashindwa. "Michembe, shangazi. Ile uliyonifungia."

"Ya msimu uliopita?"

"Ndiyo."

"Ilikuwa imeharibika?"

"Hapana, shangazi."

"Haya. Kaandike na hilo."

Roho iliniuma kuliko kicheko chote cha darasani, kwa sababu shangazi huyu nampenda, na yeye ndiye aliyekuwa ananilisha. Nikaliandika, nikalituma kwenye grupu naye akiwemo, na tangu siku hiyo nimeapa sitaandika juu ya mtu neno nisiloweza kumsomea nikiwa nimeketi jikoni kwake.