Kigari cha Njano Alichokikataa Fons

Fons Claesen alikuwa fundi wa lifti. Alizunguka mkoa mzima wa Limburg, kwenye nyumba za wazee na maghorofa ya mji wa Genk, akiwatoa watu waliokwama kati ya ghorofa na ghorofa. Kazini walimsifu kwa mikono yake: mikubwa, myekundu, lakini myepesi kama ya fundi wa saa. Jumapili mikono hiyo ilikuwa yetu.

Klabu yetu iko chini ya kile kilima cheusi cha mabaki ya mgodi. Tuna njia ya udongo yenye matuta na kona kali, jukwaa la madereva, na kantini, ambako mimi, Nelly, napika kahawa, viazi vya kukaanga, na supu ya nyanya yenye vidonge vya nyama. Vigari vinavyokimbia pale si vya watoto. Ni vya rimoti, ndiyo, lakini vina injini ya kweli inayokunywa mafuta ya nitro, inalia hadi mbwa wanakimbia, na inaacha moshi wenye harufu tamu inayochoma pua. Ukishaizoea harufu hiyo, Jumapili isiyo nayo huiona haijakamilika.

Fons hakuwahi kununua kigari kilicho tayari. Alinunua vipande, akavimwaga juu ya meza ya jikoni, akaunganisha kila skrubu mwenyewe. Waliokuja na vigari vya kutoa kwenye boksi, kutia mafuta na kuondoka, aliwapokea kwa kicheko.

"Haya, mwingine na supu yake ya kopo!" alikuwa akisema, watu wote wakisikia. "Umesahau kuipasha moto, bwana?"

Tulicheka. Nami nilicheka.

Mkewe aliitwa Godelieve, sisi tulimwita Lieve. Alikuwa mshonaji wa mapazia, mwembamba, mwenye maneno machache. Yeye ndiye aliyemjazia Fons mafuta. Tangi la kigari cha nitro ni dogo kama kikombe cha kahawa, kwa hiyo katikati ya mashindano lazima kiingie pembeni mara kwa mara, na mtu akidake, akijaze, akirudishe njiani. Lieve alikidaka kwa mkono mmoja, akafungua kifuniko kwa kidole gumba, akabana chupa, akakiachia, wakati wenzake bado wanapiga magoti. Vikombe vyote vya ushindi vilivyo kwenye kabati la Fons vilipita kwenye mikono ya Lieve. Jina lililochongwa juu yake ni moja tu.

Lieve alipokaribia kutimiza miaka hamsini, Fons alimuuliza anataka zawadi gani. Lieve alisema anataka kigari chake mwenyewe. Tayari, cha kutoka kwenye boksi. Anataka kupanda jukwaani asimame kando ya mumewe, badala ya kuinama chini kwenye moshi.

Jumamosi wakaenda mjini Diest, kwenye duka la Ward, aliyetuuzia sote vigari na vipuri. Lieve alikuwa ameshachagua kabla hawajafika. Alikuwa amekiona dirishani: bagi ya njano, kigari cha kurukia matuta, matairi mapana yenye meno, injini ya kuwashwa kwa kamba, rimoti na kila kitu ndani ya boksi.

"Huyu mama anajua anachotaka," alisema Ward, akakitoa na kukiweka mezani. "Chasi ni ya alumini, haipindi ovyo. Vipuri vyake ninavyo hapa hapa. Kwa anayeanza, hutapata kizuri zaidi."

Lieve alikigeuza, akabonyeza shokapu kwa kiganja, zikashuka na kupanda taratibu. Akatabasamu.

Fons akakichukua mikononi mwake. Dukani walikuwemo watu wengine wa klabu, naye alijua wanamtazama.

"Hiki?" akasema. "Lieve, hiki ni kama vile vya watoto kugonganisha kwenye maonyesho. Tazama skrubu zilivyofungwa, kama zimefungwa na mtu mwenye glavu. Jumapili mbili tu kitakuwa kimekwisha."

"Kikiharibika, kitaharibika changu, Fons."

"Mke wangu mimi apande jukwaani na supu ya kopo? Wataniimbia mpaka Krismasi." Watu wakacheka. "Ward, rudisha. Nipe boksi la vipande, lile zuri kabisa. Nitamjengea mwenyewe."

Ward alimtazama Lieve. Lieve alikuwa anafunga vifungo vya koti.

"Sawa," alisema. "Wewe ndiye unayejua."

Boksi la vipande lilifika nyumbani, likawekwa juu ya rafu ya gereji. Msimu wa mashindano ulikuwa umeanza, kwa hiyo lingesubiri majira ya baridi. Baridi ilipofika, palitokea lifti za nyumba mpya ya wazee, kazi ya usiku na mchana. Baridi ilipoisha, kigari cha Fons kilivunja mkono wa mbele, kile chuma kinachoshika gurudumu, siku moja kabla ya mashindano, na mkono kama ule ulikuwemo kwenye boksi la Lieve. Akauchukua, akisema atarudisha. Baadaye akachukua gia, kisha shokapu mbili. Hakuna siku aliyokaa akaamua kumnyima. Ilikwenda hivyo tu, kipande kimoja baada ya kingine, mpaka boksi likabaki na bodi isiyopakwa rangi na mfuko wa skrubu.

Lieve hakulitaja kamwe. Msimu uliofuata alisema magoti yanamsumbua, akamwachia mtu mwingine kazi ya kujaza mafuta. Akaingia kwaya ya parokia, ambayo mazoezi yake yalikuwa Jumapili. Fons alinung'unika kwa sababu mjazaji mpya alikuwa mzito. Kuhusu kwaya hakuuliza.

Miaka ikapita hivyo. Fons alistaafu, na muda mfupi baada ya kustaafu mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Mwanzoni alikaa juu yake kwenye benchi la kantini ili tusione. Kisha na wa kushoto ukaanza. Daktari aliupa jina ugonjwa na akatoa vidonge. Siku moja nilimwona kwenye meza ya mafundi akijaribu kuingiza skrubu moja ndogo kwenye tundu lake. Bisibisi ilicheza huku na huku. Skrubu ikaanguka, akaiokota, ikaanguka tena. Vijana waliokuwa kando waligeuza nyuso zao kwa heshima, na heshima hiyo, naamini, ilimuuma kuliko kicheko.

Jumatatu alichukua basi kwenda Diest peke yake.

Haya alinisimulia mwenyewe. Ward alikuwa amezeeka, miwani imening'inia kifuani. Fons alisimama mbele ya rafu ambayo maisha yake yote aliipita bila kuitazama.

"Nataka kilicho tayari," alisema.

Ward hakucheka. "Cha umeme au cha nitro? Siku hizi wengi wanachukua cha umeme. Unachaji, unakwenda."

"Nitro. Lazima kisikike."

"Cha kamba?"

Fons alitazama mikono yake. "Hapana, siwezi kuvuta. Kile cha kuwashwa kwa kifaa cha betri."

Wakavishusha vitatu mezani. Kimoja kilikuwa chepesi na cha kasi mno kwa mtu anayeanza. Cha pili kilikuwa na chasi ya plastiki, na vipuri vyake Ward alikuwa haagizi tena. Cha tatu kilikuwa kizito kidogo, imara, kabureta yake rahisi kurekebisha. Fons alijaribu usukani, akanusa kichujio cha hewa kama kimetiwa mafuta, akakagua skrubu moja baada ya nyingine. Zilifungwa vizuri. Aliniambia alitamani akute hata moja imelegea.

"Kinapatikana kwa rangi gani?" aliuliza.

"Bluu, nyekundu. Na njano, iko stoo."

"Njano."

Ward alikwenda akarudi na boksi. Akaliweka kaunta, akaliwekea mkono juu.

"Ni cha Lieve?"

"Ni cha Lieve."

"Bwana Claesen," alisema Ward taratibu, "macho yake vipi?"

Maana wote waliowafahamu walijua kwamba macho ya Lieve yalikuwa yanakwenda. Fons naye alijua. Alikuwa akimpeleka kliniki, akimsomea bei dukani. Lakini Lieve alikuwa mtu wa kujipanga: vikombe mahali pake, ngazi anazihesabu kimya, nyumba nzima iko kichwani mwake. Fons akaona anavyotembea, akadhani bado anaona vya kutosha.

"Anaona," alimjibu Ward.

Nyumbani alimkuta akimenya viazi. Akaliweka boksi juu ya meza, akalifungua kwa taabu, akamwekea kigari mbele yake. Lieve akafuta mikono kwa aproni, akakipapasa: matairi, bawa la nyuma, bodi. Akabonyeza shokapu kwa kiganja.

"Kizuri," alisema. "Cha rangi gani?"

Ilibidi Lieve aulize mara ya pili.

Hata hivyo Jumapili walikuja. Injini mpya haikimbizwi mara moja, huzungushwa polepole kwanza, mafuta mengi, moshi mzito, mpaka vyuma vizoeane. Fons aliizungusha, kisha akampandisha Lieve jukwaani, akamwekea rimoti mkononi. Sote tulikuja kutazama.

Lieve aligeuza kichwa pembeni, kwa sababu katikati ya kila alichokitazama palikuwa na doa, na kingo tu ndizo zilizobaki. Akakiachia. Kigari kilikwenda, kikaruka tuta la kwanza vizuri kabisa, na watu tukapiga makofi. Kwenye kona kikapotea ndani ya doa. Kikagonga matairi ya ukingo, kikapinduka, injini ikapiga kelele magurudumu yakiwa juu.

"Kimeenda wapi?" aliuliza.

"Kushoto, Lieve, kushoto," Fons akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Nitakuelekeza. Mimi nitakuwa macho yako, wewe endesha."

Wakajaribu. Fons akisema "kulia" kigari kilikuwa kimeshapita kona. Waligonga kila kilichogongeka. Lieve alicheka kwa dhati, nilimwona, lakini baada ya muda akamrudishia rimoti.

"Inatosha. Nimepanda jukwaani. Ni pazuri."

Jioni hiyo Fons alikuwa gereji akisafisha udongo kwenye kigari, na Lieve amekaa kwenye kiti cha turubai kando yake. Maneno haya nilisimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na yalilingana.

"Ulinikasirikia sana," Fons alisema. "Ile siku dukani."

"Jioni moja. Pengine mbili."

"Lakini uliacha kuja."

"Si kwa hasira, Fons. Nilijifunza tu kutokuomba. Mtu akishajifunza hivyo, maisha yanakuwa mepesi. Sikuomba kigari, sikuomba twende baharini Ostende, sikuomba unisikilize nikiimba. Wala hukunifanyia ubaya wowote. Ulikuwa mume mwema."

Fons aliweka brashi chini. Ostende? Hakujua kama Lieve alitaka kwenda Ostende. Miaka yote ile hakuwahi kumsikia akiitaja.

"Niombe kitu sasa," alisema. "Chochote. Niombe, Lieve."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Lieve akajikunyata kwenye sweta lake. "Funga huo mlango basi, baridi inaingia."

Alikwenda akaufunga, na akabaki pale pale muda mrefu akiwa ameuegemea kwa paji la uso.

Tangu hapo imepita zaidi ya mwaka. Kigari cha njano Fons anakiendesha mwenyewe, kwa mikono ile inayotetemeka, na kila mara anamaliza wa mwisho. Hamna anayemtania. Ostende walikwenda. Lieve alisema upepo ulikuwa mzuri na bahari inasikika kubwa, na Fons alipomuuliza kama wangekwenda zamani ingekuwaje, alimjibu kwa ukweli kwamba zamani angeiona.

Siku hizi Lieve humwomba kitu kimoja tu kwa kawaida: kila asubuhi amsomee matangazo ya vifo kwenye gazeti, nani kafa, wa mtaa gani, mazishi saa ngapi. Gazeti hutikisika mikononi mwa Fons hadi mistari inampotea, anarudia jina lile lile mara mbili. Lieve humngoja. Wiki iliyopita nilipita kwao kuwapelekea supu, nikamkuta Fons amefika katikati ya tangazo, anamtazama mkewe aliyegeuza uso dirishani.

"Endelea," Lieve alimwambia. "Ameacha watoto wangapi?"

Fons akalinyoosha gazeti juu ya meza, akalibana kwa viwiko vyote viwili, akaanza upya tangu jina la marehemu.