Nilivyokwangua Ndege Katikati ya Kuku wa Wadi Kabir

Nje joto digrii arobaini na tatu. Mimi niko ndani ya makoti mawili, meno yanagongana, nakwangua barafu kwenye bawa la ndege kwa mwiko wa ugali.

Ndiyo, Muscat. Hujasoma vibaya.

Naitwa Jared. Kazi yangu ilikuwa kuosha ndege ndogo kwenye shule moja ya urubani. Shida ilianzia kwenye CV. Binamu yangu Wilkister ndiye aliniandikia, akachomeka hapo: "Miaka mitano akitoa barafu kwenye ndege, Eldoret."

"Wilkister, Eldoret barafu iko wapi?"

"Tulia wewe. Oman nani atakuuliza mambo ya barafu?"

Mzee Mahfoudh, mwenye shule, akauliza. Tena akatangaza kozi nzima kwa jina langu, ya wanafunzi wanaokwenda kurusha ndege nchi za baridi.

Ndege ya watu wawili, mabawa ya kukunja, ikasukumwa ndani ya ghala la kuku waliogandishwa, mtaa wa Wadi Kabir. Ikalala humo siku mbili. Nilipofika ilikuwa nyeupe pe!

"Haya mwalimu," Mzee akasema, "nna hamu kweli ya kuona. Ukimaliza utie saini kwamba iko salama, Hadeel airushe jioni."

Hadeel ni binti yake.

Nikakwangua. Wapi! Nikaomba birika, nikamwagia maji moto. Barafu ikayeyuka, bawa likang'aa, wanafunzi wakapiga makofi. Nikajiona fundi wa mafundi.

Nikashika kalamu. Halafu, sijui ni Mungu ama ni woga, nikagusa kile kipande cha nyuma ya bawa kinachopanda na kushuka ili ndege igeuke.

Hakisogei. Maji yangu yalikuwa yameingia kwenye bawaba yakaganda upya.

Hakuna aliyeona. Saini moja tu, na kazi ni yangu.

Nikamtazama Hadeel. Alikuwa anapulizia vidole vyake, ananichekea. Roho ikaniuma.

"Mzee, nisamehe. Sijawahi kutoa barafu hata kwenye friji. Ndege ikiruka hivi itamuua mtoto wako."

Mzee akaninyang'anya kalamu. Hata kuku walinyamaza.

"Na Eldoret?"

"Eldoret nilikuwa nauza mitumba."

Mzee akavuta pumzi. "Sasa barafu hii nani ataitoa?"

Nakanwagi, dada wa Uganda anayepiga deki ghalani, akaegemea fagio lake.

"Ssebo, bwana mkubwa, kwani huko nje jua limekwisha?"

Tukatazamana, watu wazima tisa.

Tukaisukuma nje. Robo saa, barafu kwisha. Hadeel akafuta maji yote kwa kitambaa kikavu, akachungulia kila bawaba, akachezesha kila kipande mpaka mwisho wake. Ndipo akasema iko sawa. Mimi nilikaa chini nikalia.

Mzee hakunifukuza. Kozi inaendelea mpaka leo. Mwalimu ni Nakanwagi. Mimi nashika vitambaa.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakusema inapita ghala la kuku. Ndugu yangu, kama hujui, sema hujui kabla hujashika kalamu.

Juzi Wilkister kanipigia, anataka kuniandikia CV mpya.

Nilikata simu.