Manowari Ukutani, Siku ya Mahari

Siku wakwe walipoleta mahari kwetu, mtaa wa Lumumba, ukuta mkubwa wa sebule ulikuwa umebeba manowari nzima. Wifi yangu, bibi harusi mwenyewe, mwalimu wa fizikia aliyekuwa akiishi nasi, alikuwa amebuni nchi isiyopatikana kwenye ramani yoyote, akaipa manowari nne za kubebea ndege, zote za muundo mmoja, zote zikiendeshwa kwa nyuklia. Kwa visa vya manowari hizo aliwaeleza wanafunzi wake jinsi atomu inavyopasuka. Moja aliichora ukutani kwa rangi ya mafuta, kwa idhini yangu, nami sikuwaza kwamba ndiyo ingewakabili wageni wa heshima.

Hata hivyo, kilichotunyima raha hakikuwa picha. Upande wa mwanamume ulikuwa umetamka mapema kwamba mke wao atakaa nyumbani. Wifi yangu alimpenda mchumba wake. Kuacha kufundisha ndiko hakukutaka. Kwa desturi yetu, angepata nafasi moja tu ya kusema: akiitwa kuulizwa kama tupokee mahari.

Msemaji wao, mzee mfugaji mwenye kofia pana, aliketi, akaukazia macho ukuta.

“Mama, hii meli iko kubwa sana. Ng'ombe wanapandia wapi?”

“Inabeba ndege, muzee,” nikajibu kutoka mlango wa jikoni.

“Ndege tu? Na uwanja wote huu hauna majani?”

“Siye tungeweka ng'ombe,” akadakia mjomba wa mume wangu, msemaji wetu, “lakini wenu hawajafika bado!”

Vicheko vikatulia pale bibi harusi alipoitwa.

“Mutoto wangu,” mjomba akamuuliza, “hawa watu unawajua? Tupokee?”

“Nawajua. Mupokee. Lakini…”

Wanawake wa jikoni tukasogeleana mlangoni.

“Lakini nini?” mzee akauliza. “Kwetu hautakosa kitu. Chakula iko, nguo iko. Kazi ya nini tena?”

Wifi yangu akaelekeza mkono ukutani, kwa utulivu wa mtu aliye mbele ya darasa. “Muzee, moto ya hii meli iko ndani yake yenyewe. Inatembea miaka mingi, haiombi mafuta kwa mutu. Ukiifunga bandarini, ule moto hauzimiki. Unawaka bure tu. Miye niko vile. Niko na wanafunzi.”

Mzee akaikagua picha kama anayechagua ndama sokoni.

“Na jioni inarudi?”

“Inarudi, muzee. Na inapika.”

Akamgeukia bwana harusi. “Weye, asubuhi utaifungulia?”

“Nitaifungulia, papa!” Kijana alijibu kwa haraka kiasi kwamba jikoni hatukungoja ruhusa, vigelegele vikapasua nyumba.

“Nani huyo anashangilia?” mjomba akafoka, mikono juu. “Nyamazeni! Mahari haijaisha, sijaomba hata mbuzi wa mashangazi!”